Nimepata Kilima Kisicho na Jirani, Mke Wangu Hataki Kuhama

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba msaada, na nakuomba pia usicheke, maana kila niliyemweleza jambo hili ameanza kwa kucheka, hata shemeji yangu ambaye huwa hacheki, na mimi sioni cha kuchekesha hapo mtu anapotaka kuiokoa familia yake. Mimi ni fundi wa lifti, nina mke na watoto wawili, tunaishi ghorofa ya nne kwenye nyumba ndogo lakini yetu wenyewe, na Jumamosi hii natakiwa nimjibu dalali mmoja kama nachukua kiwanja juu ya kilima katika wilaya moja ya mbali, ambako nataka tuhamie sote tukajitegemee kwa kila kitu, maji yetu, chakula chetu, umeme wetu wa jua, kuku wetu, ili siku mambo yakiharibika huku mjini yatukute hatupo. Mke wangu amesema hahami. Hakusema kwa hasira, angesema kwa hasira ningejua pa kuanzia, alisema huku anapaka krimu kwenye keki na wala hakunitazama, "Wewe nenda, sisi tutakuja kukutembelea sikukuu."

Ngoja nieleze lilikoanzia usije ukaniona nimerukwa na akili. Msimu ule wa mvua kubwa, daraja la kuingia mjini lilikatika, malori yakakwama upande wa pili, umeme ukawa wa kuvizia, na haikuchukua muda maduka yakabaki na rafu tupu na wenye maduka wameshika tama. Mtoto wetu mdogo ana pumu, na inhela yake, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, iliisha katikati ya balaa hilo. Nikatoka nikauzunguka mji mzima kwa miguu, duka la dawa hili hakuna, lile limefungwa, lingine foleni imefika barabarani na mwisho wa foleni wanatoa vidonge vya kichwa tu, nikarudi nyumbani jioni nimelowa chapachapa nikiwa na pakiti za mishumaa na kopo la rangi ya viatu, kwa sababu niliona aibu kurudi mikono mitupu na hivyo ndivyo vilivyokuwepo. Nikakuta mtoto amelala, anapumua vizuri. Kumbe fundi cherehani anayekaa ghorofa ya chini, mwanamke ambaye mimi na yeye ni salamu tu, alisikia kile kikohozi kikishuka kwenye ngazi, akapanda na inhela ya mama yake mzazi. Nilimshukuru Mungu, lakini mshauri, nilikaa pembeni ya kitanda na lile kopo mkononi nikajiona si baba wa maana, nikaapa kwamba haitatokea tena familia yangu ikategemea duka, wala daraja, wala mtu.

Tangu hapo nikaanza maandalizi. Nilijaza magunia ya maharage na mchele chini ya vitanda mpaka vitanda vikainuka, sasa watoto wanapanda kulala kwa stuli. Nilinunua madumu ya maji nikayapanga kwenye korido, sisi tunapita ubavuubavu, ila mama mkwe akija inabidi aishie jikoni kwa sababu hapiti, na sikuyanunua kwa nia hiyo ingawa mke wangu hasadiki. Nikaleta kuku watatu na jogoo nikawafugia kwenye roshani ili tuzoee ufugaji mapema, kuku hawana neno, tatizo ni jogoo, lifti ikipita anadhani ni mwenzake anamtukana, naye anaijibu, na lifti ya jengo letu inapita mchana kutwa. Nikanunua na filimbi, moja kwa kila mtu, za kuning'iniza shingoni kwa ajili ya kuitana wakati wa hatari, watoto wakazipiga asubuhi moja tu mama yao akazikusanya akazificha, nimebaki na yangu.

Kisha likaja suala la siku ya mazoezi ya janga, na hapa nakiri nilikosea kidogo. Nilizima meinswichi, umeme wote wa nyumba, Ijumaa bila kumwambia mtu, kwa sababu janga halitoi taarifa, nikasahau kwamba mke wangu ndiye mpika keki wa nusu ya mtaa huu na kwamba ndani ya friji kulikuwa na keki ya harusi ya ghorofa tatu. Krimu iliteremka. Asubuhi shangazi wa bibi harusi alipokuja kuichukua alisimama mlangoni akaitazama, kisha akaniuliza mimi, si mke wangu, "Baba, hii keki imelia?" Mke wangu alioka nyingine kwa kutumia oveni yake na oveni ya mama wa ghorofa ya pili kwa pamoja ili iwahi, ikawahi, na kuanzia siku hiyo ndani ya nyumba yangu mwenyewe naitwa Bwana Janga. Hata watoto wameanza.

Sasa twende kwenye wilaya yenyewe. Sikukurupuka, mshauri, mimi ni fundi, huwa sifungi kamba kabla ya kupima shimo. Nilichukua likizo, nikaazima gari la kaka yangu, nikavaa helmeti yangu ya kazini na kizibao cha kung'aa kwa sababu nikivaa hivyo nafikiri vizuri zaidi, nikabeba tepu ya kupimia na ndoo ya kuwekea udongo, nikaenda kuikagua wilaya kwa maksi kama mtihani. Nilikagua maji, udongo, hali ya hewa, barabara, ambayo nilitaka iwe mbaya kiasi ili watu wasije ovyo, na majirani, ambao nilitaka wawe wachache iwezekanavyo, kwa sababu ukiwa umejiandaa na wenzako hawakujiandaa, siku ya shida wote watajazana mlangoni kwako.

Kijiji cha kwanza kiko bondeni. Kwa macho kilikuwa kizuri, kijani mpaka nikatia shaka. Lakini nilipoanza tu kukunjua tepu watu walitoka majumbani wakanizunguka, na mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye kitambi na afya yake, akanieleza kwa sauti ya msibani kwamba hapo hakuna maji, chemchemi imekauka, mahindi yameungua, mbuzi wamekwisha wote. Anasema tu wamekwisha wote, mbuzi mmoja akalia nyuma ya nyumba. Mwenyekiti akakohoa kwa nguvu, waliokuwa karibu naye wakakohoa, na wa nyuma nao wakapokea, ikawa kijiji kizima kinakohoa, nikajiambia moyoni, na maradhi ya kifua yapo. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, usiache kutuandika na sisi wa huku chini, mwaka ule walitusahau." Sikumwelewa, ila nikamwambia sitamsahau. Halafu watu hao hao wasio na chakula wakanikaribisha chakula, nikala mpaka nikalegeza mkanda, na wakati wa kuondoka gari likazama kwenye tope, wakaja wote kulisukuma, wanaume, akina mama, mpaka mwenyekiti na kitambi chake, wakalitoa na kunipungia mikono. Nilitoa maksi bila upendeleo: maji sifuri, chakula sifuri, afya mbaya, majirani wengi mno na wanaingilia mambo.

Kilimani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Huko nilipokelewa na dalali, mtu nadhifu mwenye viatu vyeupe, na kila nilichouliza kipo. Maji yapo. Udongo, ukidondosha mbegu urudi nyuma haraka isije ikaota ikakupiga kidevuni. Mbu hawapajui. Zahanati inakuja. Nikauliza jirani wa karibu yuko wapi, akasema, "Hakuna, bosi wangu. Hapa utapiga kelele mpaka sauti ikauke na hakuna atakayekuja kukusumbua." Nililipenda jibu hilo kuliko yote. Na ushahidi wa maji niliuona kwa macho yangu, kwa sababu tukiwa tumesimama pale alipita mama mmoja na punda wake akikipanda kilima, punda kabeba madumu yamejaa mpaka yanamwagika, nikamwambia dalali kwa maji ya namna hii mtu anaweza kuogesha hata shamba, akacheka sana, akaniunga mkono. Yule mama alinipa maji ya kunywa, matamu, ya baridi. Kilima nikakipa maksi zote.

Nikarudi nyumbani na furaha tele, nikamweleza mke wangu kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Mtoto akibanwa kifua huko kilimani, utamwita nani?" Nikamwambia ndiyo maana nilinunua filimbi. Akasema, "Utampigia nani hiyo filimbi, punda?" Nikairudisha filimbi yangu ndani ya shati, na mpaka leo naona alinionea, kwa sababu swali hilo halikuwa kwenye maksi. Akaendelea kuuliza keki zake atamuuzia nani, na mimi nitamtengenezea nani lifti. Nikamjibu kwamba kule hakuna mtu anayehitaji lifti. Akasema, "Basi hakuna anayekuhitaji." Alilisema hivi hivi, kama mtu anayetaja bei ya unga, na limenikaa kifuani mpaka sasa.

Na kuna jambo ambalo yeye hajui, ndilo linaloninyima raha. Nimeshamwambia bosi wangu kwamba mwisho wa mwezi naacha kazi. Nilimwambia siku ile ile niliyotoka kilimani, sikungoja hata kuvua helmeti, na sasa bosi anatafuta fundi mwingine huku mke wangu anaendelea kunifungia chakula cha kazini kila asubuhi, na kila nikikipokea kile kikopo nashindwa kumtazama usoni. Nyumba yetu ina majina yetu wote wawili, yeye asipokubali haiuzwi, na isipouzwa kilima sikipati. Nampenda mke wangu, mshauri. Sitaki kwenda bila yeye, na sitaki kukaa hapa nikingoja daraja likatike tena. Nifanyeje, nimlazimishe, nimsubiri, au nitangulie nikajenge, akiiona nyumba imesimama atakuja mwenyewe? Dalali anasema kuna mteja mwingine anakitolea macho hicho kiwanja, na mimi naogopa nitakikosa.

Nijibu haraka, na kama unajua namna ya kumnyamazisha jogoo, unisaidie na hapo.

Ni mimi,
Baba Aliyejiandaa, ghorofa ya nne.


MSHAURI ANAJIBU

Bwana Janga, na utanisamehe, jina alilokupa mkeo linakukaa vizuri kuliko hilo ulilojipa.

Umeniomba nisicheke. Nilijikaza mpaka kwa shangazi wa bibi harusi, hapo nikashindwa, na mhariri wangu aliyekuja kuuliza kelele za nini akaisoma akashindwa naye. Alitaka tuipunguze barua yako kwa sababu ya nafasi, nikamkatalia, maana majibu yote unayoyatafuta umeyaandika mwenyewe, ila hukujua ni majibu. Sasa nimefuta machozi. Tuongee.

Kwanza pole, na nasema pole ya kweli. Mzazi aliyetembea mlango hadi mlango akitafuta dawa ya mtoto na kila mlango unamwambia hakuna, huyo hawezi kulala kama zamani. Hofu yako si ya kipuuzi. Kuweka akiba ya chakula na maji ni akili, kutamani shamba ni akili, na kwa kweli mtoto wako anatakiwa awe na inhela mbili za ziada ndani ya nyumba kabla hujanunua gunia jingine lolote la maharage. Uliorodhesha mchele, ukaorodhesha mishumaa, ukaorodhesha mpaka jogoo, sijaona uliposema umenunua inhela ya akiba. Kama unayo, nisamehe. Kama huna, weka hili gazeti chini uende duka la dawa sasa hivi, mimi nakusubiri hapa.

Umerudi? Haya, pole zimeisha.

Wewe ni fundi mzuri wa lifti, sina shaka, lakini kwenye kukagua wilaya, baba, umeanguka mtihani wako mwenyewe. Mimi nimekulia kijiji kama kile cha bondeni. Kwetu akitokeza mtu mwenye helmeti na tepu, habari inafika kabla yake, kwa sababu mtu wa namna hiyo huja kuandika nani asaidiwe na nani arukwe. Bibi yangu akimwona kwa mbali alikuwa anatuvua nguo nzuri, anaingiza mbuzi chumbani kwake, na anatuambia tukohoe. Mimi nilikuwa mkohoaji hodari, nilikuwa nawekwa mbele. Na sikwambii haya kama uongo wa kujivunia. Mwaka mmoja wazee walisema ukweli, kwamba wanajikongoja na Mungu anasaidia, na mahindi ya msaada yakapita mbele ya milango yetu kwenda kijiji cha pili. Hawakurudia kosa hilo. Yule bibi aliyekushika mkono alidhani una uwezo wa kumsaidia, nawe ukamwahidi hutamsahau, kisha ukaingia garini ukawapa sifuri. Mbuzi alikuambia ukweli, sahani uliyolegezea mkanda ilikuambia ukweli, wewe ukaamini kikohozi.

Ungeenda na kandambili zako, umefuatana na mkeo, mkabisha hodi mkaomba maji ya kunywa kama wapita njia, mngepelekwa mpaka kwenye chemchemi na kuonyeshwa inakotokea.

Sasa njoo kilimani. Nina swali dogo. Yule punda alikuwa anapanda au anashuka? Umeandika mwenyewe alikuwa anapanda. Maji yanayopandishwa kilima mgongoni mwa punda yametoka wapi? Mimi wilaya hiyo sijawahi kufika na sina haja ya kufika. Nimebeba maji utoto wangu wote, na sijawahi kumwona mtu mwenye maji kwake akahangaika kuyapandisha kutoka kwingine. Yalitoka bondeni, mzee, kwa watu wa sifuri. Umesimama kwenye ukame ukanywa maji yao matamu, maksi ukampa dalali. Ndiyo maana alicheka sana. Miaka yake yote ya udalali alikuwa anaomba Mungu amletee mtu kama wewe.

Na zahanati "inakuja." Ikija, itakukuta bado unapiga filimbi. Na huyo mteja mwingine asikuumize kichwa kabisa, kila dalali anaye, mimi nimemsikia tangu nikiwa msichana, mtu mmoja ana haraka kweli kweli, anataka kila kiwanja na hajawahi kununua hata kimoja.

Hayo yote ni makosa ya ukaguzi, na ukaguzi unarudiwa. Kinachonitia wasiwasi ni ile maksi ya majirani. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mtoto alipobanwa, aliyemtuliza ni jirani. Keki ilipolia, iliyowahi harusini ilitoka kwenye oveni ya jirani. Gari lilipozama, lilitolewa na watu uliokuwa umewaona kwa mara ya kwanza siku hiyo, tena wakidhani wewe ndiye utakayewasaidia wao. Kila ulipokwama kuna mtu alikuja, na kila alipokuja ulimkata maksi. Unataka kuwakimbia watu hao hao waliokufikisha mpaka leo ukiwa na familia nzima.

Wacha nikuulize jambo la kazi yako, ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Mtu akikwama kwenye lifti hubonyeza kengele. Hiyo kengele imewahi kumtoa mtu hata siku moja? Inapiga tu kelele. Anayemtoa ni wewe, unayeisikia, unayefunika chakula chako nusu na kupanda ngazi mbio. Umekula mkate wako wote kwa kusikia kengele za watu waliokwama, na leo unataka kumchukua mtoto mwenye pumu umpeleke mahali ambapo uzuri wake, kwa maneno ya dalali mwenyewe, ni kwamba atapiga kelele mpaka sauti ikauke na hakuna atakayekuja. Mkeo aliliona hilo kwa swali moja, mikono yake ikiwa na krimu. Wewe unalalamika kwamba halikuwa kwenye maksi.

Tena hakukukatalia shamba. Rudia barua yako. Amekukatalia kilima, kwa sababu hukumjibu. Na alipokuambia hakuna anayekuhitaji kule, hakuwa anakutukana, alikuwa anakueleza kwamba hapa unahitajika. Wanawake wengine tukishachoka huwa tunayasema mapenzi kwa sauti ya kutaja bei ya unga, na mume mwenye masikio anaelewa.

Tuje kwenye kopo la rangi ya viatu, kwa sababu nadhani hicho ndicho unachokikimbia, wala si daraja. Siku ile hukushindwa. Ulitembea mji mzima kwenye mvua kwa ajili ya mwanao, na ukarudi ukamkuta anapumua. Kilichokuchoma ni kwamba aliyemtuliza si wewe. Ndugu yangu, mtoto kusaidiwa na mtu mwingine hakumpunguzii baba yake hata unywele mmoja. Ulitakiwa uweke lile kopo mezani na ufurahi. Badala yake umelibeba mpaka leo, na sasa unataka kuuza nyumba kwa ajili yake.

Basi sikiliza na ufanye. Leo, kabla ya chakula cha jioni, mwambie mkeo habari ya kazi. Umwambie wewe, asije akaisikia kwa mke wa bosi saluni. Usianze na kilima, usianze na daraja, anza na "nimekosa," kisha nyamaza umwache aseme yote, na akikuita Bwana Janga uitikie. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwa bosi kabla hajafungua ofisi. Atafoka kidogo, ni haki yake, halafu atakurudisha, kwa sababu fundi anayekuja akiitwa hapatikani kirahisi. Meinswichi usiiguse tena bila kuuliza friji ina nini. Madumu yatoe kwenye korido mama mkwe apite mpaka sebuleni kama binadamu. Nyumba haiuzwi, haiuzwi kwa sababu ya kilima, na haiuzwi kwa sababu ya mtu mwenye viatu vyeupe juu ya ardhi ya tope, kiatu kile kingekuambia mapema kwamba huyo naye haishi huko.

Jogoo mpeleke kwa mwenyekiti wa bondeni awe asante ya kusukumiwa gari. Kule hakuna lifti ya kugombana nayo.

Na umpeleke Jumamosi hii hii, wewe na mkeo na watoto, mmevaa nguo za kawaida, helmeti ibaki nyumbani. Fikieni bondeni. Mwambie yule bibi ukweli kwamba wewe si mtu wa kuandika, ni fundi tu anayetafuta pa kukaa, umwombe radhi, na usishangae akicheka kuliko mimi. Halafu kaa pembeni umwache mkeo aulize maswali kwa akina mama wenzake, kiangazi wanachota wapi, mtoto akiugua wanampeleka wapi na kwa usafiri gani, harusini wanakula keki au hawali. Hizo ndizo maksi za wilaya. Akiridhika yeye, mnaweza kuanza kulima hapo mwisho wa wiki, kidogo kidogo, mkirudi mjini kwa kazi zenu, na baada ya misimu kadhaa mtajua wenyewe kama ni pa kuhamia.

Baada ya hapo panda kilimani peke yako. Simama katikati ya kiwanja chako kile cha maksi zote, piga filimbi kwa nguvu zako zote, kisha kaa chini usubiri. Wakitokea watu wanahema, wanauliza kuna nini, ulizia kama kuna kiwanja karibu na kwao. Asipotokea mtu, shuka, chukua familia yako mrudi mjini. Na mkifika, kabla hujapanda ghorofa ya nne, gonga mlango wa fundi cherehani umpe mkono. Mungu ulimshukuru usiku ule ule, umeandika, ila yeye bado, na yeye alikuja bila kupigiwa filimbi.